Kuboresha Soko Kongwe la Mtaani Bila Kuwapoteza Wenye Soko: Mwongozo Kamili kwa Halmashauri na Kamati za Masoko za Nyanda za Juu Kusini

Soko la mtaani halianzi na mchoro. Huanza na mama mwenye ndoo mbili za nyanya pembeni mwa njia, akafuata mwenye dagaa wa Kyela, akaja fundi cherehani na mashine yake. Baada ya miaka ishirini barabara imegeuka uchochoro, mabati yamekutana juu ya vichwa vya wapita njia, na waya mmoja wa umeme unalisha mashine ya kusaga, saluni na friji ya samaki. Kila mtu sokoni anajua kwamba hali hiyo haifai, na kila mtu anaogopa siku ambayo halmashauri itakuja kuirekebisha.

Hofu hiyo ina sababu. Jijini Mbeya, Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na soko la eneo la SIDO, ambalo lilipokea wengi wa waliounguliwa, nalo likaungua mwaka 2011 na tena Agosti 2017. Dar es Salaam ilishuhudia moto wa Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021. Soko linalojengwa upya baada ya moto hujengwa kwa haraka na kwa uchungu, huku wafanyabiashara wakiwa wametawanyika na kumbukumbu zao zimekuwa majivu. Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kufanya kazi hiyo wakati soko bado limesimama: watendaji wa kata na mitaa, madiwani, maafisa biashara, wahandisi wa halmashauri, na hasa viongozi wa kamati za soko, ambao mara nyingi huitwa mezani wakati kila kitu kimekwisha kuamuliwa.

Hatua ya kwanza: andikeni daftari kabla ya kuchora chochote

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni halmashauri kumwita mchoraji kabla ya kujua soko lina watu wangapi. Mchoraji hupewa idadi iliyomo kwenye vitabu vya ushuru, naye huchora vizimba kwa idadi hiyo. Vitabu hivyo havimjui mpangaji wa mpangaji, yaani yule ambaye kila mwisho wa mwezi humlipa mwenye meza anayekaa mtaa mwingine. Havimjui mama anayefika saa kumi na moja alfajiri na ndizi kutoka Rungwe, akauza kwa jumla, na kuondoka kabla mkusanya ushuru hajaamka. Soko likivunjwa, hao ndio wa kwanza kupotea, na ndio wa kwanza kurudi kupanga bidhaa chini barabarani.

Kwa hiyo hesabuni mara tatu kwa siku moja: alfajiri, mchana na jioni. Rudieni zoezi hilo siku ya gulio, kama eneo lina gulio, na mkiweza lirudieni katika msimu mwingine, kwa kuwa soko la wakati wa mavuno ya mahindi na viazi si soko la Januari. Orodha isiishie kwa wenye meza na fremu. Waandikwe wanaopanga chini, mama lishe na baba lishe, wabeba mizigo, wasukuma mikokoteni, wenye stoo, wasaga nafaka, walinzi wa usiku, na madereva wa bajaji na bodaboda ambao kijiwe chao kimeegemea soko.

Kila sehemu ya biashara ipigwe namba kwa rangi, na mhusika apigwe picha akiwa amesimama hapo, namba ikionekana. Daftari liandike jina, namba ya simu, aina ya bidhaa, ukubwa wa eneo kwa mita, miaka aliyokaa, na kama analipa moja kwa moja kwa halmashauri au kwa mtu wa kati. Suala la mtu wa kati ni gumu na halitamalizwa kwa kulifumbia macho. Ushauri wangu ni kuwaandika wote wawili, mwenye meza na anayeuza, kisha baraza la madiwani lipitishe mapema kanuni iliyo wazi kuhusu nani atapewa nafasi. Mimi naegemea upande wa anayeuza, kwa kuwa yeye ndiye anayelishika soko kila siku, lakini kanuni yoyote ile iliyotangazwa mapema ni bora kuliko uamuzi wa kunong'onezana siku ya ugawaji.

Tangazeni tarehe ya ukomo wa kuandikishwa. Bila tarehe hiyo, habari za mradi zitasambaa na meza mpya zitaota kama uyoga wa masika. Baada ya hapo bandikeni orodha nzima kwenye mbao za matangazo za soko, za ofisi ya mtaa na za kata, na mtoe walau siku kumi na nne za kupokea pingamizi. Nakala moja ibaki kwa kamati ya soko, moja kwa mtendaji wa kata na moja halmashauri. Nakala tatu hupunguza sana uwezekano wa majina kubadilika njiani.

Hatua ya pili: kagueni kilichopo

Hatua hii ni fupi ikiwa mhandisi, mtu wa TANESCO na askari wa Zimamoto na Uokoaji watakuja siku moja na kutembea pamoja. Waangalie nyaya zilizoungwa kwa mikono, vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia, mifereji iliyozibwa na maganda ya ndizi, vyoo, nguzo zilizooza na umbali wa bomba la maji lililo karibu. Mkaguzi aje pia wakati mvua inanyesha. Maji yakishatiririka chini ya meza, kila mtu ataona yanakotoka na yanakokwama, na hilo halionekani kwenye ziara ya Agosti.

Mkimaliza ukaguzi, jiulizeni kwa unyofu kama soko linahitaji kujengwa upya. Yapo masoko ambayo yangepona kwa kubadilishiwa mfumo wa umeme, kufukuliwa mifereji, kumwagiwa zege kwenye njia na kujengewa vyoo, bila mtu yeyote kuhamishwa. Mradi mkubwa hupendeza kwenye hotuba, lakini si kila soko chakavu linataka ghorofa.

Hatua ya tatu: sikilizeni kwa mpangilio

Mkutano wa hadhara wa saa nne asubuhi si mkutano wa wafanyabiashara. Saa hiyo mwenye nyanya hawezi kuacha meza, na atakayekuja ni yule asiye na cha kupoteza. Fanyeni mikutano alasiri soko linapopungua watu, na mfanye midogo midogo kwa aina ya biashara: wauza mbogamboga peke yao, samaki na nyama peke yao, mitumba, nafaka, mama lishe, wabeba mizigo. Wanawake wapewe kikao chao, kwa kuwa masuala ya choo, ya kunyonyesha na ya usalama wa kurudi nyumbani usiku hayasemwi kwa urahisi mbele ya vijana wa mikokoteni. Wazee wanaoona raha zaidi kuzungumza Kisafwa, Kinyakyusa, Kihehe au Kibena wapate wa kuwatafsiria. Soko linakusanya watu wa vijijini, na wengine hunyamaza kwa sababu ya lugha tu.

Mchoro uletwe sokoni ukiwa bado wa penseli, na vipimo vyake vioneshwe kwa vitu halisi. Nilikuwapo katika kikao kimoja ambapo mhandisi kijana alieleza kwamba kila muuza viazi atapata meza ya sentimita 90 kwa 60. Watu waliitikia kwa vichwa, kama tunavyofanya tukisikia tarakimu. Bibi mmoja akasimama, akaomba futi ya mhandisi, akamwambia apime hiyo meza yake hapo chini kwa chaki. Kijana akasema, "Shikamoo bibi," akainama, akachora. Bibi akaitikia marahaba, kisha akaanza kubeba ndoo zake za lita ishirini, moja baada ya nyingine, na kuzipanga ndani ya mstari. Ziliingia sita. "Mimi napanga kumi, mjukuu wangu," alisema, "na hapa bado sijakaa mimi, haijakaa mizani, wala hujaniambia gunia nitaliegemeza wapi." Hakupandisha sauti. Mchoro uliporudi mwezi uliofuata, meza za viazi zilikuwa za sentimita 150 kwa 80, na nyuma yake kulikuwa na nafasi ya mtu kukaa. Chaki ile iligharimu shilingi mia chache.

Wasikilizwe pia wasio wafanyabiashara. Wakazi wa nyumba zinazotazama soko wana malalamiko yao kuhusu kelele za magari ya usiku, harufu, na gari la wagonjwa kushindwa kupita. Wenye maduka ya pembeni huogopa kuzibwa na uzio wa ujenzi. Msikiti, kanisa na shule zilizo jirani zina ratiba ambazo mkandarasi atapaswa kuziheshimu. Ingekuwa vibaya kuwachukulia hawa kama wapinzani wa mradi, kwa sababu wao ndio watakaoishi nao kila usiku wafanyabiashara wakishafunga.

Kila hoja iandikwe kwenye daftari la hoja, ipewe namba, na mbele yake yaandikwe majibu: imekubaliwa, imekataliwa kwa sababu fulani, au inafanyiwa kazi na ofisa fulani. Daftari hilo lisomwe mwanzoni mwa mkutano unaofuata. Watu huweza kuvumilia kukataliwa, lakini hawavumilii kuulizwa jambo lile lile mara tatu na wageni watatu tofauti.

Hatua ya nne: pigeni hesabu ya kodi mapema

Hapa ndipo miradi mingi huharibika kimyakimya. Chukueni mfano wa hesabu tu: soko la shilingi bilioni 3 lenye vizimba 600, lililojengwa kwa mkopo wa kulipwa kwa miaka 15. Kila kizimba kimebeba shilingi milioni 5, na zikigawanywa kwa miezi 180 zinafika karibu shilingi 27,800 kwa mwezi, kabla ya riba, ulinzi, usafi, maji, umeme wa njiani na matengenezo. Mama anayelipa ushuru wa shilingi 500 kwa siku, akiuza siku 26 kwa mwezi, leo analipa shilingi 13,000. Mradi umemwongezea zaidi ya mara mbili kabla hata riba haijahesabiwa, na mapato yake hayajaongezeka kwa sababu ya vigae.

Mbeya inalijua somo hili. Soko jipya la Mwanjelwa lilijengwa kwa miaka mingi na kwa mkopo wa benki, na malalamiko kuhusu kodi yalikuwa sehemu ya maisha yake tangu mwanzo. Kwa hiyo amueni kwanza kodi ambayo muuzaji mdogo kabisa anaweza kulipa, kisha mrudi nyuma kutafuta jengo linalolingana na kodi hiyo. Fremu zinazotazama barabara zinaweza kulipa zaidi na kuzibeba meza za ndani. Stoo, maegesho na vyoo vya kulipia vina mapato yake. Hesabu ikikataa kabisa, punguzeni jengo.

Chanzo cha fedha nacho kina masharti yake. Miradi ya TACTIC, mpango wa serikali wa kuboresha miundombinu ya miji, inayogusa miji 45 ikiwemo Mbeya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hufuata viwango vya benki hiyo vinavyotaka anayepoteza riziki asaidiwe kuirudisha hata kama hana hati ya ardhi. Fidia chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imejengwa juu ya haki katika ardhi, na mpangaji wa kizimba cha halmashauri hana haki hiyo. Kamati ya soko iulize mapema ni viwango vipi vitatumika, na jibu liwe kwa maandishi.

Hatua ya tano: choreni soko la hapa

Ramani ya soko la Dar es Salaam haifai kunakiliwa Mbeya. Jiji liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, Juni na Julai baridi hupenya hadi kwenye mifupa, na mvua huanza Novemba hadi Aprili au Mei. Banda lililo wazi pande zote ni neema kule pwani. Huku linamfanya muuzaji awashe jiko la mkaa chini ya meza, na jiko hilo ndilo linalokuja kuwa moto wa usiku. Upande unaopokea upepo uwe na ukuta wa kimo cha kifua, juu yake nafasi ya hewa na mwanga, na paa litokeze vya kutosha ili mvua ya upande isifike kwenye maharage.

Ghorofa nalo lifikiriwe mara mbili. Gunia la viazi halipandi ngazi, na mteja mwenye kapu hapandi kufuata nyanya ambazo amezikuta chini. Machinga Complex ya Dar es Salaam ilikaa miaka mingi na vizimba vitupu, kwa sehemu kwa sababu njia ya wateja haikupita pale. Ikiwa kiwanja ni kidogo na ghorofa haliepukiki, chini wakae wenye vitu vizito na vibichi, juu waende mafundi cherehani, saluni, wauza nguo na ofisi, na ngazi ianzie mahali ambapo watu wanapita hata bila kusudi.

Njia kuu ziwe na upana wa kutosha mikokoteni miwili kupishana, nami nisingekubali chini ya mita tatu. Pawe na eneo la kushushia mizigo lililotengwa na njia ya wateja, lenye jukwaa la kimo cha bodi ya fuso, na mizani ya halmashauri karibu, kwa kuwa vita dhidi ya lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haishindwi kwa matangazo bali kwa mizani iliyo hatua kumi kutoka kwenye gari. Sakafu iwe na mteremko kuelekea mifereji yenye mifuniko inayonyanyuliwa kwa mikono. Samaki na nyama wapate maji ya bomba na meza za vigae. Pawe na njia za mteremko kwa viti mwendo, chumba cha kunyonyeshea, na vyoo vya wanawake vingi kuliko vya wanaume, kwa kuwa sokoni wanawake ni wengi na hutumia muda mrefu zaidi.

Kuhusu moto, mambo manne hayajadiliwi. Ukuta wa tofali uinuliwe hadi juu ya paa kila baada ya safu kadhaa, ili banda moja likiwaka lisilibebe jingine. Mama lishe wapate jiko la pamoja la tofali, lililotengana na mitumba na mbao. Kila banda liwe na mita yake na swichi kuu iliyo nje, ambayo mlinzi anaizima soko likifungwa, huku friji zikiwa na laini yake ya pekee. Na pawe na tangi la maji pamoja na mdomo wa kuunganishia mpira wa zimamoto, mahali ambapo gari linaweza kufika bila kuvunja kibanda cha mtu.

Hatua ya sita: vibali

Sitakaa sana hapa, kwa kuwa wataalamu wa halmashauri wanazijua njia hizi. Matumizi ya ardhi yalingane na mpango chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Suala la tathmini ya athari kwa mazingira lipelekwe mapema NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Zimamoto wapitie michoro kabla ya ujenzi kuanza. Zabuni ipite kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023.

Jambo moja tu nalisisitiza, kwa kuwa masoko yetu mengi yameng'ang'ania barabara. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, inapita katikati ya maisha ya Uyole, Mafinga na Makambako. Meza zilizo ndani ya hifadhi hiyo haziwezi kuahidiwa kwamba zitarudi palepale, na kuwaahidi wenye meza hizo ni kuwadanganya. Mitaa ya ndani ni suala la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na hapo mazungumzo ya kufunga mtaa kwa magari saa fulani za siku yanawezekana.

Hatua ya saba: soko la muda na hati ya kurudi

Neno linaloogopesha kuliko yote sokoni ni "muda". Historia ya SIDO inaonesha jinsi mahali pa kujihifadhi panavyoweza kuwa soko lenyewe kwa miaka, likiwa na mbao na nyaya za dharura.

Njia salama zaidi ni kutowahamisha wote. Jengeni kwa vipande: robo ya soko inabanana na wenzao, sehemu yao inajengwa, wanarudi, kisha wengine wanafuata. Mkandarasi atalalamika kwamba inachelewesha na kuongeza gharama, na atakuwa na haki kwa kiasi fulani, lakini wateja hawatakuwa wamejifunza njia nyingine.

Ikiwa kuhama hakuepukiki, eneo la muda liwe karibu kiasi kwamba mteja wa zamani ataliona akiwa kwenye njia yake ya kila siku. Stendi ya bajaji na daladala ihame siku ileile na soko. Wafanyabiashara wakienda na usafiri ukabaki, ni sawa na kuwapeleka shambani. Choo, maji, taa na ulinzi viwepo kabla ya meza ya kwanza kufika, na ushuru usamehewe kwa miezi michache ya mwanzo. Kuhama kusifanyike Desemba, wakati biashara ya sikukuu inalipa ada za Januari za watoto, wala wakati wa mvua kubwa. Mei, mvua ikikatika, ni mwezi mzuri, na unampa mkandarasi kiangazi chote mbele yake. Wala kusifanyike usiku kwa mgambo na greda. Mwaka 2021, wakati wa zoezi la kuwapanga wamachinga, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kazi hiyo ifanyike bila mabavu, na agizo hilo ni kigezo ambacho kamati ya soko ina haki ya kukinukuu.

Kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa, kila aliyemo kwenye daftari akabidhiwe hati ya kurudi. Hati hiyo iwe na picha yake, namba ya meza ya zamani, ukubwa wa eneo, aina ya bidhaa, kiwango cha juu cha kodi atakayotozwa kwa mwaka wa kwanza, na tarehe inayotarajiwa ya kurejea, pamoja na kitakachofanyika tarehe hiyo ikipita. Isainiwe na mkurugenzi au aliyemteua, mwenyekiti wa soko, na mwenyewe. Mwanasheria wa halmashauri ataona kifungu cha ucheleweshaji kuwa kigumu kukitia saini. Kitieni hata hivyo, maana hicho ndicho kifungu ambacho wafanyabiashara watakisoma kwanza.

Watakaoyumba kimtaji wakati wa kuhama waelekezwe mapema kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Vikundi vinahitaji muda wa kusajiliwa, na anayekosa mtaji wa wiki moja atakimbilia mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa ya mitaani, ambayo itammaliza kabla ujenzi wa soko haujaisha.

Hatua ya nane: wakati wa ujenzi

Wafanyabiashara wachague watu wachache, wakiwemo wanawake, wa kuingia kwenye eneo la ujenzi kila wiki mbili pamoja na msimamizi wa mradi. Hawaendi kumfundisha mhandisi kazi. Wanakwenda kuona kwamba bomba la samaki liko pale lilipochorwa na kwamba njia ya mita tatu haijawa mita mbili. Ubao wa mradi ueleze gharama, mkandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na uandike pia hatua iliyofikiwa mwezi huo. Ucheleweshaji ukitokea, utangazwe mapema pamoja na sababu yake. Vibarua wapatikane kwanza miongoni mwa wabeba mizigo na vijana ambao ujenzi umewanyima kazi.

Dawati la malalamiko liwe sokoni, si makao makuu ya halmashauri, na kila lalamiko lijibiwe ndani ya siku saba. Vumbi, kelele za usiku na njia kuzibwa vitakuwa sehemu kubwa ya malalamiko ya majirani, na mengi humalizwa kwa gari la maji na mabadiliko ya saa za kazi.

Hatua ya tisa: kurudi na kugawa

Wenye hati wagawiwe kwanza, wote, kabla mtu mpya hajapewa hata pembe ya ukuta. Kwanza gawanyeni kwa aina ya bidhaa, kisha kila kundi lipige kura ya wazi ya kuokota namba kwenye ndoo, mchana, mbele ya watu wote, mtoto akichomoa karatasi na karani akiandika palepale. Watu wenye ulemavu na wazee wapewe sehemu za chini karibu na milango bila kuingizwa kwenye kura. Orodha ya matokeo ibandikwe jioni ileile, ikiwa pembeni ya orodha ya awali ya daftari, ili yeyote aweze kulinganisha jina kwa jina.

Kilemba, yaani malipo ya pembeni ya kuachiwa au kupewa meza, kipigwe marufuku kwa kanuni, na mkataba useme kwamba meza isiyotumiwa na aliyeandikishwa kwa muda uliowekwa inarudi halmashauri. Hakuna kinachoua soko jipya haraka kama kugundua kwamba fremu tano za mbele ni za mtu mmoja ambaye hajawahi kuuza hata kitunguu.

Hatua ya kumi: uendeshaji

Malipo yapite kwenye mifumo ya serikali kwa namba ya malipo, na risiti itolewe kila mara. Baraza litenge kwa maazimio sehemu maalumu ya makusanyo ya soko irudi sokoni kila robo mwaka kwa ajili ya taa, mifereji, mabati na usafi, na taarifa ya matumizi isomwe kwa wafanyabiashara wenyewe. Uondoaji wa taka upangwe kwa msimu, kwa kuwa wakati wa mahindi mabichi na ndizi nyingi mlima wa taka huongezeka, na gari la mara mbili kwa wiki halitoshi.

Mara moja kila miezi mitatu, mafundi umeme wapite banda kwa banda kuondoa nyaya za kuungwa, na Zimamoto waje kufanya zoezi pamoja na walinzi wa usiku. Zoezi hilo lifanyike saa nne usiku, wakati soko limefungwa na giza limeingia. Mlinzi aoneshe, bila kuambiwa, ilipo swichi ya kila banda, ulipo mdomo wa maji, na nani ana ufunguo wa geti ambalo gari la zimamoto litaingilia. Akisema ufunguo uko nyumbani kwa mwenyekiti, ichongwe nakala kesho yake asubuhi na ikae sokoni.